Kigari cha Kibugu Chatiwa Roho Nyingine

Wenyeji wa Lamu, wa Pate na wa visiwa vya Bajuni hawahitaji kufunzwa habari ya kukipa chombo nguvu nyingine badala ya ile kilichoundiwa. Mababu waliunda majahazi ya tanga, na wajukuu wakayatia mashine. Lakini chombo cha tanga huvutwa na upepo kutoka juu, na uzito wa mlingoti huukalia mkuku. Chombo cha mashine husukumwa kutoka nyuma, na kila mzunguko wa rafadha hutikisa mbao za tezi. Aliyetia mashine kubwa asiimarishe tezi aliona kalafati ikilegea na maji yakiingia kidogo kidogo, hata mabaharia wakawa hawana kazi ila kukumba maji. Ndiyo sababu fundi mwelekevu hakuanza kwa kuuliza mashine ina nguvu kiasi gani. Alianza kwa kugonga mbao.

Swali hilo la mbao, ndugu msomaji, linaulizwa siku hizi mbali sana na maji ya chumvi, katika vilima vya Embu, na wanaoulizana ni watu wenye mikono ya grisi. Wao hawana jahazi. Wana vigari vya zamani vya Kijapani, vile vifupi vyenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, vilivyotengenezwa ili mtu wa kipato kidogo afike kazini bila ya kuumaliza mshahara kwa petroli. Injini yake ndogo hutolewa, ikatiwa nyingine yenye nguvu zaidi. Vijana husema "kuswapu". Sisi tuseme kubadilisha injini, wala tusiwacheke kwa neno lao, maana hata hiyo "injini" tuliiazima na hatukuirudisha.

Mtu wa Mombasa akisikia Embu, wazo lake la kwanza ni muguka, hasa tangu Mei 2024, serikali za kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipotangaza kuupiga marufuku na shauri likafika mahakamani. Basi na ajue ya kwamba muguka hutoka upande wa chini, Mbeere, kwenye joto na ukame. Kibugu iko upande wa juu, katika miteremko ya Mlima Kenya, mahali pa udongo mwekundu, kahawa, majani ya chai, na ukungu wa asubuhi unaomfanya mtu wa pwani atafute shuka ya pili. Nilikwenda huko kuwatazama fundi mmoja na kijana mmoja, ambao majina yao nayahifadhi kwa kuwa hawakutaka kuonekana gazetini, pamoja na kigari chao, Toyota Starlet cha mwaka 1982.

Starlet ya namna hiyo mafundi huijua kwa alama ya KP61. Iliundwa Japani tangu 1978 hadi 1984. Uzito wake ni kilo mia saba na ushei tu. Injini imekaa mbele kwa urefu wa gari, na magurudumu yanayosukuma ni ya nyuma. Starlet iliyoifuata mwaka 1984 ilihamishia nguvu kwenye magurudumu ya mbele, na tangu hapo haikurudi tena ilivyokuwa mpaka ilipoachwa kuundwa mwaka 1999. Kwa hivyo wapendao gari jepesi linalosukumwa kutoka nyuma hukitafuta kizee hiki kwa tochi. Tena hakiwezi kuagizwa tena kutoka ng'ambo, kwa kuwa kanuni za Kenya haziruhusu kuingiza gari kuukuu lililopita umri wa miaka 8. Vilivyopo ndivyo hivyo vilivyopo, na kila kimoja kinachouzwa kwa kilo kama chuma chakavu hakina badali.

Hiki cha Kibugu kilinunuliwa na babake kijana, kikiwa kimekwisha kutumika, mwaka 1986. Mwaka huo haukuja hivi hivi. Mwaka 1985 ukame ulikuwa umeipiga Brazil, bei ya kahawa ulimwenguni ikapanda, na wakulima wa milimani wakaonja pesa. Kisha, Julai 1989, ule mpango wa kimataifa wa kugawana mafungu ya kuuza kahawa ukavunjika. Bei ikaporomoka, na motokaa nyingi za wakulima zikapandishwa juu ya mawe zikingoja siku njema. Kigari hiki kilingoja mpaka kuku wakataga katika kiti cha nyuma. Mzee akafariki. Ndugu wakasema kiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma. Huyu mwana wa mwisho akakataa, akatoa akiba yake ya miaka mitatu ya kuendesha bodaboda, akamwendea fundi. Ana mama yake mgonjwa wa miguu, wa kupelekwa kliniki mjini Embu mara kwa mara, naye hataki tena kumpakia nyuma ya pikipiki.

Kwa nini basi asiirudishie injini yake ile ile? Hapa inafaa msomaji wa pwani anisikilize kwa makini, kwa sababu jambo lenyewe hatulijui sisi tuishio usawa wa bahari. Injini haili petroli peke yake. Hula hewa, na hewa ya mlimani ni nyepesi. Katika kimo cha mita 1,500 uzito wa hewa umepungua kwa karibu asilimia 14, na injini isiyokuwa na kifaa cha kuisukumia hewa hupoteza nguvu kwa kiasi kama hicho. Starlet hiyo ilizaliwa na injini ya 4K, ya ujazo wa sentimita 1,290, yenye nguvu za farasi kama 60. Huku kwetu Kisauni farasi hao wote wapo kazini. Huko Kibugu wanane au tisa wamebaki nyumbani, na barabara imesimama kama ngazi. Tena kabureta iliyopangwa kwa hewa nzito ya pwani humimina petroli kupita kiasi ikifika mlimani, plagi zikawa nyeusi, moshi ukawa mweusi, na mwenye gari akadhani injini imekufa kumbe imevimbiwa. Jeti ndogo zaidi ndani ya kabureta humaliza nusu ya ugonjwa. Nusu ya pili ni udogo wa injini yenyewe.

Basi shauri la kutia injini kubwa si la ujinga, wala halikuanza na vijana wa leo. Watu wa Embu na Meru wamekuwa wakitazama magari ya kasi tangu zama za mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kuzipitia mara nyingi njia zao za kona na matope. Waliona Peugeot 404 ikishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Wakaona Datsun za marehemu Shekhar Mehta zikishinda mara tano. Wakaona Toyota Celica ikishinda mfululizo tangu 1984 hadi 1986. Na mashindano yakishapita, pikapu za miraa kutoka Maua zilibaki barabarani zikiendelea kufukuzana na saa, maana miraa ikilala haina mnunuzi. Mtoto aliyekulia kando ya barabara hiyo haoni ajabu gari kuwa na nguvu kupita sura yake.

"Mzee," kijana aliniambia, "mimi nilitaka ile ya valvu ishirini. Nikikanyaga, watu wa Manyatta wageuke."

"Na ukikanyaga breki?" fundi akamuuliza, bila ya kuinua kichwa.

Tuseme juu ya hiyo ya valvu ishirini, kwa kuwa ndiyo ndoto ya wengi. Ni ya ukoo wa 4A-GE, injini ya Toyota ya sentimita 1,587 iliyotoka mwaka 1983, yenye kamshafti mbili juu ya kichwa chake na sindano za petroli badala ya kabureta. Ya kwanza ilikuwa na valvu 16, na katika Corolla iitwayo AE86 ilikaa kwa urefu wa gari, kama inavyotakiwa na Starlet yetu. Lakini nyingi zilizofuata, pamoja na zile za valvu 20 zilizotoka mwaka 1991, ziliundwa kukaa kwa upana, kwa magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele. Ukiigeuza ikae kwa urefu, distributa yake iliyoko nyuma ya kichwa hugonga ukuta unaotenga injini na abiria. Sharti uihamishe au uukate ukuta. Giaboksi ya zamani haishikani nayo. Inatafutwa ile ya AE86, na AE86 yenyewe imekwisha kuwa johari. Karai la mafuta hugusana na mhimili wa mbele. Propela shafti haitoshi au huzidi, ikatwe na kupimwa upya, na isipokaa sawa hutetema mpaka meno yakaumana. Sindano zataka pampu ya umeme yenye shinikizo, na bomba la kurudisha petroli tangini. Ubongo wa umeme wataka nyaya zake zote, na muuzaji amezikata kwa kisu. Rejeta haitoshi. Difu ya nyuma haikuwahi kuota mzigo kama huo. Na nguvu za farasi 120 na zaidi ndani ya bati la kilo mia saba, juu ya breki za mwaka 1982!

Nimewaona watu, si Embu tu, walioanza namna hii. Injini ilinunuliwa kwa furaha, ikapigwa picha, ikafunikwa turubai. Pesa ziliishia katika yale madogo yasiyopigwa picha. Gari likawa halina injini ya zamani wala ya mpya, na kuku wakarudi.

Kuna njia nyepesi zaidi kwa mwenye Starlet ya umri mdogo, zile zilizoundwa tangu 1989 na kuvutwa mbele. Kiwanda chenyewe kiliitia Starlet hiyo injini ya 4E-FTE ya sentimita 1,331 yenye turbo, kwa hiyo vishikizo viko tayari na mambo mengi hulingana bila ya kulehemu. Na turbo mlimani ina hoja yake: huikamata ile hewa nyepesi ikaishindilia, hata injini ikawa kama iko Mombasa. Lau kigari cha Kibugu kingekuwa cha namna hiyo, nisingekuwa na neno. Lakini sicho.

Fundi alichagua 5K, na mimi naona alichagua kwa akili. Hii ni ndugu wa tumbo moja na ile 4K iliyotoka. Mwendo wa pistoni, juu na chini, ni ule ule wa milimita 73. Kilichoongezeka ni upana wa silinda, kutoka milimita 75 hadi 80.5, na ujazo ukafika sentimita 1,486. Haina kamshafti mbili, haina sindano, haina ubongo wa umeme. Ilitumika katika gari za LiteAce na TownAce, na hata katika zile mashine za kuinulia mizigo maghalani, kwa hivyo si mrembo wa kualikwa harusini. Ni mchukuzi. Inapokaa katika Starlet hutumia vishikizo vile vile na giaboksi ile ile; karai la mafuta la LiteAce halikai mahali pake, basi hutumika lile la 4K pamoja na bomba lake la kunyonyea. Nguvu yake ni ya farasi kama 70 usawa wa bahari, nao wakishapanda mlima wanabaki 60, yaani kijana atapata huko juu kile ambacho kiwanda kilimwahidi mwenye kununua gari mwaka 1982. Aliposikia hesabu hiyo alinuna. Baadaye akacheka.

Hapa ndipo sisi watu wa pwani tunapoingia katika kisa, maana injini za kutumika za Kijapani hupita bandari yetu ya Mombasa, nyingine moja kwa moja kutoka Japani na nyingine kwa njia ya Dubai na Sharjah, ambako magari yaliyokatwakatwa yana mitaa yake mizima. Fundi hakuagiza kwa simu. Aliteremka mwenyewe, akaenda akazitazama zilivyopangwa chini kama matikiti, na alivyozichagua ni somo. Iliyooshwa ikapakwa rangi ya fedha aliipita. Aliifungua kofia ya mafuta akatazama chini yake: ukiona utelezi wa rangi ya chai ya maziwa, maji yamechanganyika na mafuta, ondoka. Akaizungusha kwa mkono kwa spana kubwa, akisikiliza. Akatoa plagi zote nne akazisoma kama mtu asomaye barua. Mwisho akapima shinikizo la kila silinda kwa geji yake aliyoifunga ndani ya soksi, asijali sana kipimo kimefika wapi bali kama nne zote zinakaribiana, kwa kuwa silinda moja dhaifu huangusha wenzake. Muuzaji, kijana wa kwetu, alichoka kumngoja akasema, "Baba, chukua basi, hii ni nzuri, naapa." Fundi alikuwa bado anapima ya tatu. Ni hiyo ya tatu aliyoinunua, akadai risiti yenye nambari ya injini na nakala ya karatasi za forodha. Niseme kwa masikitiko kwamba karatasi ndizo zilizochukua muda mrefu kuliko injini.

Na hazikuwa ushaufu. Hati ya gari, ile logibuku, ina nambari ya injini na ujazo wake. Ukiibadilisha injini, gari lililo barabarani si lile lililo katika karatasi, na sheria yataka mamlaka ya NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, ijulishwe, gari likaguliwe na hati isahihishwe. Wengi hawafanyi. Husema injini ni injini. Lakini polisi akifunua boneti na nambari isilingane, wewe ndiwe wa kueleza hukuiba. Bima nayo ni mkataba wa kuaminiana. Mwenye kuficha kuwa amebadilisha gari, siku ya ajali kampuni inaweza kumgeukia yeye. Na akija kuliuza bila ya kusema, ameficha aibu ya bidhaa, jambo ambalo hata wazee wetu wa Soko la Kibokoni hawakulihitaji kanuni ya serikali kulijua.

Kuna wakati nilibishana na fundi. Mafundi wengi wa nchi hii wana mazoea ya kuing'oa thermostati, kile kiziwizi kidogo cha maji, wakiamini kwamba injini isiyokuwa nacho haitachemka. Pwani mtu huponea chupuchupu, maana joto la nje lenyewe huipasha injini. Kibugu, asubuhi ya Julai, injini isiyo na thermostati hukaa baridi kwa masafa marefu, ikanywa petroli zaidi na kujila yenyewe. Nilidhani ataing'oa. Alinitazama kwa huruma, akafungua kopo la maziwa ya unga, akanionyesha thermostati mpya. La kumhangaisha lilikuwa kifuniko cha rejeta: katika kimo kile maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 95 badala ya 100, kwa hiyo kifuniko kilicholegea, ambacho Mombasa kingesamehewa, mlimani huimwaga rejeta yote njiani.

Lakini lililowaweka kitako kwa wiki tatu ni breki. Starlet hiyo ina diski ndogo mbele na ngoma nyuma. Kutoka Kibugu kwenda Embu ni kuteremka. Watu hufikiri gari likienda kasi ya kilomita 100 badala ya 60 breki zitafanya kazi kidogo zaidi; la hasha, zitabeba karibu mara tatu, kwa kuwa nguvu ya mwendo hukua kwa kasi kuzidishwa kwa kasi. Nguvu hiyo yote hugeuka joto. Mafuta ya breki yaliyokaa miaka mingi yamekwisha kunywa unyevu wa hewani. Yakipata joto, unyevu huo huchemka, pedali ikazama mpaka sakafuni kama mguu uliokanyaga matope. Mwenye gari hupata kuyajua haya akiwa kwenye kona. Fundi alibadilisha mipira yote ya silinda za breki, mabomba yaliyooza, mafuta yote, na akaamuru diski za mbele ziwe kubwa zaidi kutoka gari jingine la Toyota. Kijana akalalamika kuwa pesa hizo zingenunua kabureta mbili.

"Mama yako atakaa kiti gani?" fundi akamuuliza.

Kijana akanyamaza, akachukua jeki.

Kenya iliwahi kuwa na kigari kilichoitwa Roho. Ilikuwa Renault 4, ambayo Wafaransa walianza kuiunda mwaka 1961 na wakauza zaidi ya milioni nane duniani, na huku ikapewa jina hilo la Kiswahili. Sijui kama aliyelichagua alijua uzito wake, maana Mswahili haoni injini kuwa roho ya gari hivi hivi. Roho haina spea. Vijana wa Kibugu lakini ndivyo wasemavyo, kwamba Starlet "imewekwa roho ingine", nami nimewaachia neno lao katika kichwa cha habari hii.

Siku niliyoondoka injini ilikuwa imekwisha kukaa mahali pake na kuwaka. Ilinguruma kwa sauti nzito ya kichukuzi, bila ya moshi, jeti zikiwa zimepunguzwa kwa hewa ya huko. Nambari yake ilikuwa imeandikwa kwa chaki kwenye ukuta wa gereji, ikingoja mkaguzi. Diski za mbele hazijafika. Kwa kuwa anamjua kijana wake, fundi alikuwa ameitoa propela shafti, akaliziba tundu la giaboksi kwa kitambaa, na kuipeleka shafti nyumbani kwake, chini ya kitanda. Kijana huja jioni akishafunga pikipiki, akaiwasha, akasimama kando yake mikono mifukoni akiisikiliza, akaizima. Nyumbani kwao si mbali, na sauti hufika. Mama yake humpigia simu kuuliza kama gari limekwenda.

"Bado, mama," hujibu. "Tunangoja breki."